Kusema kwa Kinywa cha Mwingine: Urithi wa Roma katika Falsafa, Balagha na Tamthilia

Tarehe 7 Desemba mwaka 43 KK, askari waliotumwa na Marcus Antonius na washirika wake walimfikia Cicero karibu na pwani ya Formiae, wakamuua, wakamkata kichwa na mikono. Viungo hivyo vilipelekwa Roma na kutundikwa kwenye jukwaa la Forum, pale pale alipokuwa akiuhutubia umma. Muda si mrefu kifo hicho kikawa zoezi la darasani. Vijana waliosomea usemaji waliambiwa wajione wamesimama mbele ya Cicero na kumshauri: amwombe Antonius msamaha, au akubali kufa? Katika zoezi jingine, Antonius ameahidi kumwachia uhai kwa sharti la kuyachoma maandishi yake yote, je, ayachome? Mazoezi hayo tunayajua kwa sababu Seneca Mzee, baba wa mwanafalsafa Seneca, aliyakusanya uzeeni kwa ajili ya wanawe, pamoja na majibu ya wasemaji aliowahi kuwasikia. Ni maandishi ambayo wasomi wengi huyapitia harakaharaka. Kwa maoni yangu, ndani yake mna ufunguo wa swali kubwa zaidi, yaani Roma ilituachia nini hasa. Tumezoea kuugawa urithi huo mafungu matatu: falsafa ya Wastoa kwa wanafalsafa, balagha kwa mawakili na wanasiasa, tamthilia kwa watu wa fasihi. Lakini yote matatu yalilelewa chini ya nidhamu moja, nayo ni kumfundisha mtu kuichukua nafsi ya mwingine, kusema kwa kinywa chake na kutetea upande wake kwa hoja zenye uzito. Tukiyatenganisha, hatuelewi vizuri hata moja.

Mtu ataniuliza mara moja: urithi gani wa Roma, ilhali yote ni ya Wagiriki? Ushahidi wa swali hilo upo mwingi. Tamthilia ya kwanza ya Kilatini tunayoijua tarehe yake ilionyeshwa mwaka 240 KK, mara tu baada ya vita vya kwanza dhidi ya Karthago, na mtunzi wake, Livius Andronicus, alikuwa na asili ya Kigiriki. Watunzi wa ramsa Plautus na Terence walichukua visa vya Kigiriki bila kuficha. Falsafa nayo iliingia Roma kama mgeni asiyeaminiwa. Mwaka 161 KK seneti iliamuru wanafalsafa na walimu wa balagha waondolewe mjini. Miaka sita baadaye Athene ilituma wanafalsafa watatu kama mabalozi, na mmoja wao, Carneades, akatoa mhadhara wa kuisifu haki, kisha kesho yake akatoa mwingine wa kuibomoa hoja kwa hoja. Vijana walimiminika kumsikiliza. Cato Mzee akaitaka seneti iwajibu mabalozi hao upesi, warudi kwao. Hata mwaka 92 KK wakaguzi wakuu wa maadili walitoa tamko la kuzikemea shule zilizofundisha balagha kwa Kilatini.

Ni kweli basi kwamba mbegu ilitoka Ugiriki. Lakini huko Ugiriki falsafa na balagha zilikuwa na ugomvi. Katika mazungumzo ya Plato, Socrates anawabana walimu wa usemaji hadi wanaonekana wauza maneno tu. Roma ndiyo iliyotafuta suluhu ya ugomvi huo na kuigeuza suluhu hiyo kuwa mtaala. Katika De oratore, kitabu alichokiandika mwaka 55 KK, Cicero analalamika kwamba Socrates alitenganisha vitu viwili vilivyokuwa pamoja, kufikiri vema na kusema vema, na matokeo yake mtu akafundishwa kuwaza na mwalimu mmoja na kuzungumza na mwingine. Msemaji anayemtaka yeye anapaswa kuijua sheria, historia, tabia za watu na mafundisho ya wanafalsafa, tena aweze kutoa hoja za pande mbili za kila jambo. Kile kilichomtisha Cato kwa Carneades, Cicero alikifanya msingi wa elimu. Aliyekopa mbegu na kuipandia shamba jipya ana haki ya kuitwa mkulima.

Shamba lenyewe lilikuwa darasa. Mwanafunzi alianza na mazoezi ya kutoa ushauri kwa mtu wa historia au wa hadithi, kama hilo la Cicero, au lile la Agamemnon anayejiuliza kama amtoe kafara binti yake. Akikomaa alipewa kesi za kubuni. Moja katika mkusanyo wa Seneca Mzee inamhusu kijana aliyetekwa na maharamia. Anamwandikia baba yake amkomboe, baba hamkomboi. Binti wa mkuu wa maharamia anamwapisha kwamba atamwoa iwapo atamfungulia, kisha anamwacha baba yake na kutoroka naye. Wanaoana. Baadaye anatokea yatima tajiri, na baba wa kijana anamwamuru mwanawe amwache mkewe amwoe yatima huyo. Kijana anakataa, baba anamnyima urithi. Haya, mwanafunzi: semea baba, kisha semea mwana. Je, kiapo kilichotolewa kwenye minyororo kinamfunga mtu? Baba aliyekataa kulipa fidia bado ana haki ya kutiiwa? Mwanamke aliyemsaliti baba yake kwa ajili ya mume ni mwaminifu au ni msaliti?

Watu wa enzi hizo hizo walizicheka kesi za namna hiyo. Petronius anaifungua sehemu iliyobaki ya riwaya yake kwa malalamiko dhidi ya shule zinazowajaza vijana maharamia na minyororo, mambo ambayo mahakamani hawatakutana nayo kamwe. Katika mazungumzo yake juu ya wasemaji, Tacitus anampa mmoja wa wahusika hoja nzito zaidi, kwamba usemaji mkubwa hustawi penye uhuru na mivutano ya siasa, na chini ya wafalme umebaki mchezo wa darasani. Hoja ya Tacitus naikubali kwa sehemu. Ni kweli kwamba baada ya jamhuri kuanguka hakuna hotuba iliyoweza kuamua vita au amani. Lakini kesi ya binti wa haramia haikukusudiwa kumwandaa wakili kwa kesi ya kesho. Ilikusudiwa kumzoeza kijana kukaa ndani ya mtu asiyefanana naye, atafute huko ndani sababu ambazo mtu huyo mwenyewe angezitoa, asimkatie hukumu kabla hajazimaliza. Quintilian, mzaliwa wa Hispania aliyelipwa mshahara na dola kufundisha balagha tangu enzi ya Vespasian, alilielewa hilo vizuri. Kazi yake ya vitabu 12 inamfuata msemaji tangu utotoni, inapinga wazi wanafunzi kuchapwa viboko, na inasisitiza kwamba msemaji kamili hana budi kuwa mtu mwema. Na zoezi la kuvaa nafsi ya mwingine analihesabu kuwa miongoni mwa magumu kuliko yote.

Kutoka hapo hadi jukwaani ni hatua moja. Seneca mwanafalsafa alikulia katika nyumba ambayo mazoezi hayo yalikuwa mazungumzo ya kila siku, naye akaandika tanzia. Katika Thyestes, Mfalme Atreus anapanga kuwaua watoto wa ndugu yake na kumlisha nyama yao. Kabla ya unyama huo kuna majibizano kati yake na mtumishi. Mtumishi anatetea heshima, haki na sifa njema machoni pa raia; Atreus anajibu kila hoja kwa hoja, kwamba faida ya ufalme ni kuweza kuwalazimisha watu wasifu hata wanachokichukia. Kwa sura ni zoezi la shule, na kwa uzito ni uchambuzi wa udikteta, ulioandikwa na mtu aliyekuwa akiishi jirani na kiti cha Mfalme Nero. Medea wake, akiwa na kisu mkononi, anajishtaki na kujitetea mwenyewe juu ya wanawe, mama ndani yake akibishana na mke aliyeachwa. Wahakiki wengi wamezilaumu tanzia hizi kwa kuwa na maneno mengi na matendo machache. Lawama hiyo inasahau kwamba kwa Mrumi aliyesoma, hoja ndiyo tendo lenyewe.

Ramsa za Plautus na Terence zilitangulia shule hizo, na kwa haki lazima niseme kwamba zilizaliwa kwenye sherehe za umma zenye makelele, ambapo mtunzi alishindana na vivutio vingine. Terence anasimulia kwamba Hecyra yake ilivurugika mara mbili, watu wakivutwa na mwenda-kambani na mabondia, kisha na habari za wapiganaji wa gladieta. Lakini shule ndizo zilizomwokoa. Tamthilia zake 6 zilisomwa darasani kwa karne nyingi kwa sababu wahusika wake, baba mkali na baba mpole, kijana na mtumwa mwerevu, walikuwa mfano tayari wa kusema kwa tabia ya mtu. Katika karne ya 10 mtawa Hrotsvitha wa Gandersheim, Ujerumani, aliandika tamthilia 6 kwa mtindo wa Terence, akageuza visa vya mapenzi kuwa visa vya wanawake wa Kikristo wanaoshinda majaribu.

Falsafa ndiyo inayoonekana ngumu zaidi kuiingiza katika hoja yangu, maana tumezoea kuidhania kazi ya mtu aliyejitenga akitafuta kweli. Tuangalie lakini Warumi walivyoiandika. Katika De officiis, aliyomwandikia mwanawe mwishoni mwa mwaka 44 KK, Cicero anaeleza habari ya mfanyabiashara anayefika Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Alexandria wakati wa njaa. Njiani ameona merikebu nyingine zimesheheni nafaka, nazo zinakuja. Awaambie wanunuzi, bei ishuke, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Kisha anawasimamisha Wastoa wawili kama mawakili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro za mali yake kwa kadiri sheria inavyotaka, basi. Kunyamaza siyo kudanganya. Antipater anasema binadamu amezaliwa kuwafaa wenzake, na kumficha mnunuzi jambo linalomhusu ni kuuvunja undugu huo. Cicero anaamua upande wa Antipater, lakini baada tu ya kumpa Diogenes hoja zake zote bila kuzidhoofisha. Kisa hicho ni ndugu wa kesi ya binti wa haramia. Kitabu chenyewe kikawa miongoni mwa maandishi ya kale ya mwanzo kabisa kupigwa chapa, huko Mainz mwaka 1465, na maadili ya biashara yanayofundishwa vyuoni leo bado yanazunguka swali lile lile la nafaka.

Barua 124 za Seneca kwa Lucilius zinafanya jambo jingine, la ndani zaidi. Mtu anayejishawishi nafsi yake humhitaji mpinzani, na Seneca humleta kila mara: sauti isiyo na jina inayokatiza, inayouliza, inayokataa. Mfalme Marcus Aurelius, aliyefundishwa balagha na Fronto, Mwafrika wa Cirta katika Algeria ya leo, anashukuru katika daftari zake kwamba mwalimu mwingine, Rusticus, alimwepusha na pambo la usemaji. Wengi hulitaja jambo hilo kama ushahidi kwamba falsafa ilimshinda Fronto. Nami naona daftari zile zenyewe zinapinga. Kurasa nyingi mfalme anajisemesha kwa nafsi ya pili, anajikemea, anajipa mfano, anarudia fundisho moja kwa sura mpya hadi limwingie. Hizo ni mbinu za darasa la balagha, zimegeuzwa kuelekea ndani. Katika karne ya 20 waganga wa nafsi Albert Ellis na Aaron Beck, waliojenga tiba ya kurekebisha fikra, waliwataja Wastoa kuwa chimbuko lao. Mgonjwa mwenye sonona huombwa aandike wazo linalomtesa, aandike ushahidi unaoliunga mkono, kisha unaolipinga, ndipo aamue. Wastoa walitoa fundisho kwamba hukumu zetu ndizo zinazotuumiza. Ila utaratibu wa kuzifikisha hukumu hizo mbele ya pande mbili una asili ya kimahakama. Ndiyo maana vijitabu vya siku hizi vinavyouza Ustoa kwa misemo iliyokatwa huku na huku havinishawishi. Vinatoa uamuzi bila kesi.

Njia iliyotufikishia haya ilipita Afrika, na hilo halitajwi inavyostahili. Augustino, mzaliwa wa Thagaste, alikuwa na umri wa miaka 19, akisomea balagha Karthago, alipokisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, ambacho leo kimepotea. Anasema ndicho kilichomwelekeza kutafuta hekima. Akawa mwalimu wa balagha Karthago, Roma, na mwaka 384 Milano. Alipokuja kuwa askofu hakuitupa taaluma yake: kitabu cha nne cha De doctrina christiana kinawafundisha wahubiri kufundisha, kupendeza na kugusa moyo, malengo matatu aliyoyapata kwa Cicero. Mahubiri ya Kikristo ya Magharibi, yakiwemo yaliyoletwa na wamisionari kwetu, yana mstari huo wa damu. Baadaye Petrarch alizigundua Verona, mwaka 1345, barua za Cicero kwa Atticus. Poggio Bracciolini aliipata nakala kamili ya Quintilian huko St. Gallen mwaka 1416. Na Erasmus na wenzake wakaurudisha mtaala huo katika shule za Ulaya. Tokeo lake moja linaonekana wazi London: tanzia ya Gorboduc, iliyojengwa kwa mfano wa Seneca, ilionyeshwa kwenye sherehe za Krismasi za 1561 hadi 1562 ndani ya Inner Temple, chama cha wanasheria. Tanzia ya Kiingereza ilianza miongoni mwa watu wa mahakama.

Shakespeare alikulia katika Uingereza yenye shule za namna hiyo. Menaechmi ya Plautus ndiyo mama wa The Comedy of Errors, na karamu ya Thyestes inarudi katika Titus Andronicus. Lakini mahali ambapo urithi wote unakutana ni mazishi ya Kaisari katika tamthilia yake Julius Caesar. Kisa alikipata kwa Plutarch, ambaye anasema Antonius alihutubia na kuionyesha kanzu yenye damu. Maneno, Shakespeare ameyatunga mwenyewe. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, anasema kwanza, kwa hoja kavu za mtu wa falsafa, na umati unamkubali. Antonius anasema baadaye, anajidai hana usemaji, na umati ule ule unakwenda kuchoma nyumba. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia hiyo mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuichapisha tena 1969. Kwamba kiongozi wa nchi changa, mwalimu kwa taaluma, aliona kazi hiyo inastahili muda wake mara mbili, ni jambo la kutafakari. Msomaji wa Kiswahili alipewa hotuba mbili zinazopingana juu ya maiti moja, apime mwenyewe.

Hotuba ya Antonius ndiyo pia pingamizi zito kuliko yote dhidi yangu. Nidhamu inayomfundisha mtu kusemea upande wowote inamfundisha kusemea uovu. Mwaka 70 KK Cicero alimshtaki Verres, gavana aliyeipora Sicilia kwa miaka mitatu; aliyemtetea Verres alikuwa Hortensius, wakili aliyesifika kuliko wote, yule yule ambaye jina lake lilikuja kubebwa na kitabu kilichomgeuza Augustino. Na Tacitus anaeleza kwamba Nero alipomuua mama yake mwaka 59, barua ya kujitetea aliyoipeleka seneti ilionekana na watu kuwa kazi ya Seneca. Hilo siwezi kulipunguza. Mwandishi wa barua zenye kuamuru watumwa watendewe kama wenzetu alimkopesha muuaji ulimi wake. Ninachojibu ni kwamba hakuna dawa ya usemaji mbaya nje ya usemaji wenyewe: Verres alikimbilia Massilia kabla kesi haijamalizika kwa sababu kulikuwa na mtu aliyezunguka Sicilia kukusanya ushahidi na aliyejua kuupanga. Jamii isiyofundishwa pande mbili inabaki na mmoja, kwa kawaida ule wa mwenye nguvu. Quintilian alipodai msemaji awe mtu mwema alikuwa akikiri kwamba ufundi peke yake hauleti wema. Dai hilo ndilo lililoachwa kwanza kila palipohitajika wasemaji wa kukodi.

Linabaki suala la waliofungiwa nje. Shule hizo zilikuwa za wavulana wenye uwezo, katika jamii iliyosimama juu ya utumwa. Wachache walipenya: Terence, kwa mapokeo aliyetoka Karthago akiwa mtumwa, Epictetus, mtumwa aliyeachwa huru akawa mwalimu, ambaye mafundisho yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Wanawake walipenya kwa tabu zaidi. Mwaka 42 KK watawala watatu waliomuua Cicero walitaka wanawake 1,400 matajiri wachangie gharama za vita. Hortensia, binti wa yule Hortensius, aliingia Forum akawauliza kwa nini walipe kodi watu wasio na sehemu katika vyeo wala katika maamuzi ya vita. Walijaribu kuwafukuza, umati ukapiga kelele, na siku iliyofuata idadi ikashushwa hadi 400. Quintilian anasema hotuba hiyo ilikuwa ikisomwa hata katika zama zake, na siyo kwa kumpa heshima mwanamke tu. Leo maneno yake mwenyewe hayapo. Yaliyopo ni hotuba ya Kigiriki katika historia ya Appian wa Alexandria, aliyeandika karibu miaka mia mbili baadaye na aliyewahi kuwa wakili Roma: mwanamume wa Misri akisema kwa kinywa cha mwanamke wa Roma, kwa hoja kali zinazowaelekea watawala waliomnyima haki. Tumempoteza Hortensia mwenyewe, na hoja yake imetufikia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyezoezwa kumsemea.